Kodi ikishakopiwa kwenye grupu, marekebisho yanaifikiaje?

Kwenye magrupu ya madevelopa, waandishi wa programu za kompyuta, hapa Tanga kuna maswali hayakauki, jamani nani ana funksheni (kipande cha kodi ya kompyuta kinachofanya kazi moja) ya kusafisha namba za simu, nani ana ile ya kubadilisha saa zetu ziwe za kompyuta, na kabla chai haijapoa mtu kashabandika mistari yake ishirini thelathini, watu wanashukuru, kila mmoja anakopi anaendelea na kazi. Mi utaratibu huu naupenda sana. Sie huku wengi tunafanya kazi mmoja mmoja, huyu ana mfumo wa stoo wa duka la spea Ngamiani, yule ana mfumo wa ada wa shule Chumbageni, mwingine anahangaika na tiketi za mabasi au hesabu za maziwa za wafugaji wa Muheza, hakuna mwenye wenzake ofisini wa kumkagulia kazi, kwa hiyo grupu ndo linabeba kazi ya timu.

Ila kuna fundo hapo watu wengi wanalipita. Kukopi ni rahisi mno, kurekebisha kilichokwisha kukopiwa ni kazi kubwa mno, na shida sio uvivu wa mtu, ndivyo kopi zilivyo. Ukibandika funksheni leo, kesho ukagundua ina kasoro, huna orodha ya waliochukua, wao hawajui kama umebadilisha, na wengine washaibadilisha jina wakaichanganya na kodi zao mpaka hata wewe ukiiona huitambui. Kasoro inasafiri na kila kopi, marekebisho yanabaki kwako.

Tuchukue ile ya saa, maana ndo inaonyesha vizuri. Mtu anaandika funksheni, unampa saa ya Kiswahili na kipindi cha siku, inakurudishia saa ya kompyuta. Anafikiria, tofauti ni sita, basi najumlisha sita. Saa 1 asubuhi inakuwa 07:00, sawa. Saa 6 mchana inakuwa 12:00, sawa. Saa 12 jioni inakuwa 18:00, sawa kabisa. Kwa usiku anajumlisha 18 halafu ikifika 24 au kuzidi anatoa 24, saa 1 usiku inakuwa 19:00, saa 8 usiku inakuwa 02:00, na alfajiri anaiweka kundi hilo hilo la usiku, saa 11 alfajiri inatoka 05:00, kila kitu kimenyooka, anabandika. Sasa ipe saa 12 asubuhi. Neno asubuhi liko kundi la kujumlisha sita, kwa hiyo 12 na 6 ni 18, na abiria aliyekata tiketi ya basi la saa 12 asubuhi kwenye mfumo anaonekana anaondoka saa 12 jioni. Ukiichunguza utaona saa 12 asubuhi inahesabiwa na wenzake wa usiku, 12 ukijumlisha 18 ni 30, toa 24 unapata 6, ndo saa yenyewe. Ni mstari mmoja tu wa kuongeza, lakini ule mstari aliyeuongeza ni mtu mmoja kwenye laptopu yake, na wale waliochukua toleo la kwanza wanaendelea nalo mpaka siku abiria atakapokuja juu kituoni.

Na hapo bado hatujagusa tarehe. Saa 8 usiku ni tarehe ipi? Mteja akikwambia Ijumaa saa 8 usiku, kuna anayemaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa na kuna anayemaanisha usiku baada ya Ijumaa kuisha, na huku pwani ambako watu wengi wanahesabu usiku kwanza ndo mchana ufuate hilo sio jambo dogo. Hakuna kodi inayoweza kulijua hilo yenyewe. Funksheni nzuri hapa inakataa kubahatisha, inadai ipewe tarehe kamili, na hilo liandikwe juu kabisa kwenye maelezo, ili anayechukua ajue kuna swali lazima amuulize mteja wake.

Sasa tufungue fundo lenyewe. Kodi ya mwenzako inaweza kuingia kwenye kazi yako kwa njia mbili. Ya kwanza unaikopi, inakuwa yako, ikiharibika ni juu yako, ikirekebishwa kule huku haifiki. Ya pili unaitegemea, yaani inakaa kama pakeji, kodi iliyofungashwa tayari kwa kutumiwa na wengine, kwenye ghala la mtandaoni kama npm kwa watu wa JavaScript, PyPI kwa Python, Packagist kwa PHP, wewe kwenye mradi wako unaandika tu jina na namba ya toleo, na mwenye nayo akirekebisha unaapdeti kwa amri moja. Ukisikia hivyo unaona njia ya pili ndo ya watu makini na ya kwanza ni ya wazembe. Sio hivyo, na hapa ndo watu wanabishana bure.

Njia ya kutegemea nayo ina gharama zake. Machi 2016 jamaa anaitwa Azer Koçulu aligombana na npm kuhusu jina la pakeji yake moja, akakasirika akaondoa pakeji zake zote, na mojawapo ilikuwa left-pad, kodi ya mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi au herufi mwanzoni mwa maandishi mpaka yafike urefu unaoutaka. Miradi mingi duniani ikagoma kujengeka, ikiwemo inayotumia Babel, zana ya kugeuza kodi mpya ya JavaScript iwe ya zamani, na wengi hata hawakujua kama wanaitumia, maana waliitegemea pakeji inayotegemea pakeji inayoitegemea hiyo. npm wakalazimika kuirudisha wenyewe ndani ya masaa machache, wakabadilisha na sheria zao za kuondoa pakeji. Mwaka uliofuata JavaScript yenyewe ikapata padStart inayofanya kazi ile ile. Halafu 2018 ikaja ya pakeji ya event-stream, mwenye nayo alishachoka kuihudumia, mtu akajitolea kumsaidia, akapewa funguo, na yule msaidizi akachomeka pakeji nyingine ndani yake yenye kodi ya kuiba bitcoin kwenye pochi za Copay. Hakuvunja mlango, alikabidhiwa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili, kile kitu kilichomo ndani ya kodi kinabadilika chenyewe huko duniani au hakibadiliki? Mi ndo kipimo changu na sijaona kizuri zaidi. Saa ya Kiswahili haibadiliki, ikishakuwa sahihi ni sahihi hata miaka hamsini ijayo, basi ikopi, weka juu yake komenti ya mistari miwili, imetoka wapi na toleo gani, inatosha. Lakini viwango vya kodi ya serikali vinaweza kuguswa kila Julai Sheria ya Fedha mpya inapoanza, funksheni yenye viwango hivyo ukiikopi unajitafutia kesi, inabidi ikae sehemu moja na wote muitegemee, na awepo mtu anayejulikana kabisa kwamba Juni ikifika yeye ndo anaisoma.

Mfano mkali kuliko wote ni ile funksheni ya kutambua mtandao kwa namba. Kila mtu anayo, ukiona 075 ni Vodacom, 078 Airtel, 062 Halotel, ukishajua mtandao unajua malipo uyapeleke wapi. Ilikuwa sahihi zamani. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao akabaki na namba ile ile, kwa hiyo tarakimu za mwanzo zinakwambia namba ilizaliwa wapi tu, leo inaishi wapi hazijui. Lakini kodi bado inazunguka, inabandikwa, inashukuriwa, maana ukiijaribu na namba yako na ya mkeo na ya jirani inajibu sawa. Hii kwa maoni yangu isisheiwe tena kabisa kwa kazi ya malipo. Kama ni kupendekeza tu kwenye fomu, mtumiaji ndo athibitishe, sawa.

Kusafisha namba yenyewe ni kazi ya maana ila nayo ina mitego. Namba moja inakuja na 0 mwanzo, inakuja na 255, na +255, na 00255, inakuja na nafasi katikati au vistari, na inakuja bila chochote mbele, inaanza na 7 au 6 tu, kwa sababu ilipitia kwenye Excel na Excel ikaona ni hesabu ikaifuta sufuri. Zile za 255 zenye tarakimu 12 Excel inakuonyesha 2.55E+11, na mwenye duka akizikopi hivyo hivyo akakutumia huna cha kuokoa. Halafu kuna anayezihifadhi kwenye databesi kama INT, yaani aina ya namba kamili yenye kikomo. Yenye 0 inaingia bila 0, ila 255 ikitangulia haienei, na MySQL, programu ya databesi, kama haijawekwa kwenye hali ya ukali (strict mode) inaibana mpaka kikomo chake, ndo maana ukifungua mifumo mingine unakuta wateja kibao wote wana namba 2147483647. Namba ya simu ni maandishi, ihifadhiwe kama maandishi. Kwa kukagua kama namba ni halali laibrari ya libphonenumber ya Google ipo, iko wazi, Tanzania imo, na mipangilio ya namba ni kitu kinachobadilika, kwa kipimo changu hapo tegemea usikopi.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ndo balaa zaidi. Ina tarakimu 20. JavaScript inashika namba kamili kwa uhakika mpaka 9,007,199,254,740,991, ukivuka hapo tarakimu za mwisho zinaanza kupotoka kimyakimya. Excel inashika 15, zilizobaki inageuza sufuri. Mtu anasema basi naweka BIGINT, aina ya namba kubwa kuliko INT, haienei, hata BIGINT UNSIGNED kikomo chake kinaanzia na 1844, na namba ya NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo ingefaa tu kwa mtu aliyezaliwa kabla ya hapo. Kitu kama hiki mtu mmoja akishakigundua akakiandika vizuri anawaokolea wenzake siku nzima nzima za kutafuta kwa nini mteja hapatikani kwenye mfumo na kadi yake anayo mkononi.

Na kuna ile ya ng'. Mtu wa Lushoto anatoka Mng'aro, anajaza fomu kwenye simu, kibodi yake inamwekea alama iliyopinda, karani ofisini anatafuta kwa kompyuta yenye alama iliyonyooka, mfumo unajibu hakuna. Kwa macho ni neno moja, kwa kompyuta ni maneno mawili, kwenye Unicode, orodha ya namba za herufi na alama zote, ile iliyonyooka ni U+0027 na iliyopinda ni U+2019, na kuna U+2018 na U+02BC nazo zinaingia njiani. Funksheni ya kuzigeuza zote kuwa moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta ni mistari mitatu. Achilia mbali fomu zinazokataa jina kabisa eti lina alama isiyoruhusiwa, mtu anaambiwa jina lake mwenyewe sio sahihi, hilo linaniuma kweli. Mambo haya hakuna mtu wa California atakayekaa atuandikie, hayamkuti. Ni sisi, ndo maana kushea kwetu kuna uzito kuliko watu wanavyodhani.

Sasa nikirudi kwenye jinsi ya kushea, kuna kitu nakiona kina thamani kuliko kodi yenyewe nacho ni testi. Simaanishi mambo makubwa, namaanisha orodha ya mifano, ukiipa hiki irudishe hiki. Saa 1 asubuhi irudishe 07:00, saa 12 asubuhi irudishe 06:00, saa 12 jioni 18:00, saa 6 usiku 00:00, saa 13 mchana ikatae. Kwa nini nasema ina thamani kuliko kodi? Kwa sababu sisi hatutumii lugha moja. Huyu yuko PHP na Laravel, yule Flutter, mwingine Python, mwingine bado ana mfumo wa Access wa tangu enzi hizo na unafanya kazi. Kodi ya PHP haimsaidii wa Flutter, lakini ile orodha ya mifano inamsaidia moja kwa moja, anaandika kodi yake kwa lugha yake na anajua kama amefika. Na kasoro mpya ikigundulika unaongeza mfano mmoja kwenye orodha, kila mwenye kodi yake kwa lugha yoyote anauchukua, anaujaribu, anajua kama na yeye anaumwa ugonjwa huo. Mifano inawafikia hata waliokopi, na kwenye lile fundo letu hakuna kinachosogea karibu na jibu kama hicho.

Kubandika WhatsApp nako kuna madhara yake yanayojulikana. Neno likiwa katikati ya alama mbili za mistari ya chini linalala italiki na alama zinapotea machoni, nyota mbili zinageuza kuwa nene, nukuu za kunyooka zinageuzwa za kupinda na kibodi za baadhi ya simu, na Python ikipoteza nafasi zake za mwanzo wa mstari ndo imekwisha. Ukilazimika, weka alama tatu za bektiki (```) mwanzo na mwisho. Skrinshoti ya kodi usitume, mtu wa bando dogo anaipakua halafu aanze kuichapa upya na akosee herufi. Swali likiulizwa mara ya pili kwenye grupu, hiyo ni ishara kwamba ile kodi ihame, ipate repo, yaani ghala lake la kodi, GitHub au GitLab au popote penye Git, programu ya kutunza historia ya kodi, ili kuwe na sehemu moja yenye historia na mtu anayekuja aone ilibadilika lini na kwa nini. Maelezo yaandike kwa Kiswahili, cha kawaida hiki hiki, kodi itumie majina unayotaka.

Matoleo yapeni namba, na namba ziwe na maana. Utaratibu unaotumika sana ni wa tarakimu tatu, tuseme 1.4.2. Umerekebisha kasoro tu, panda ya mwisho. Umeongeza kitu na cha zamani bado kinafanya kazi, panda ya katikati. Umebadilisha kitu kitakachowavunjia watu kodi zao, mfano funksheni ilikuwa inarudisha maandishi sasa inarudisha kitu cha tarehe, panda ya kwanza, na uandike nini kimebadilika. Mtu anayeapdeti kutoka 1 kwenda 2 anajua akae chini asome.

Leseni wengi wanaipuuza na hapa niseme wazi. Kodi isiyo na leseni sio ya bure. Kisheria mwenye kuiandika ana haki zote, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hapa kwetu inalinda na programu za kompyuta. Kuweka hadharani peke yake hakumpi mtu ruhusa ya kuitumia kwenye kazi ya kulipwa. Kwa vifunksheni vidogo kama hivi weka MIT, ni fupi, mtu anaisoma kwa dakika moja, inamwambia tumia utakavyo, bakisha tu jina langu na maneno ya leseni, na mimi sidaiwi ikiharibika. GPL ni tofauti, ukichukua kodi ya GPL ukaichanganya na yako na ukaisambaza, unatakiwa na ya kwako uitoe kwa masharti hayo hayo, kwa hiyo kabla hujaichomeka kwenye mfumo wa mteja elewa kwanza. Na kama umeajiriwa, kodi uliyoandika saa za kazi kwa kompyuta ya kazini huenda sio yako kuigawa, mkataba usomwe na bosi aulizwe, wengi wakiambiwa ni funksheni ya saa wanakubali.

La mwisho ni siri. Kabla ya kusukuma kitu hadharani angalia kama ndani hakuna nenosiri la databesi au funguo ya huduma ya malipo. Ukishaisukuma, kuifuta kwenye komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) inayofuata hakusaidii, Git inatunza historia yote, dawa ni kuibatilisha funguo ile ile saa hiyo hiyo na kuchukua mpya. Na data za kujaribia zisiwe za wateja wa kweli. Namba ya NIDA peke yake inamtaja mtu na tarehe yake ya kuzaliwa, tarehe hiyo iko wazi kwenye tarakimu nane za mwanzo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Tunga namba za uongo zenye umbo sahihi.

Basi ukirekebisha kodi uliyowahi kuibandika, tafuta ule ujumbe wako wa zamani kwenye grupu, ujibu huo huo, usiandike mpya. Andika kasoro ilikuwa nini kwa mfano mmoja, ilikuwa inatoa nini na sasa inatoa nini, weka linki ya repo na namba ya toleo. Aliyeichukua akija kuitafuta tena kwenye grupu, kodi ya zamani na jibu lako atavikuta pamoja.